Bolti Nne Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Juni

Mpwa wangu ameninunulia daftari la mistari mipana, kwa kuwa siku hizi mkono wangu hautulii kwenye mistari myembamba. Anataka niandike mambo ya mashine: jinsi ya kusikiliza beringi, jinsi ya kupima silinda iliyolika, yote niliyowafundisha mafundi kwa miaka arobaini. "Usije ukaondoka nayo, Mjomba," alisema, kisha akajiuma mdomo. Nikamwambia asijali. Daktari amesema moyo wangu umechoka kusukuma. Nina miaka themanini na mmoja. Pampu yoyote ingekuwa imechoka.

Naishi kwa dada yangu mdogo, mama wa huyu mpwa, katika chumba alichofia mumewe. Dirisha linatazama barabara ya kinuni. Mavuno yameanza, na tangu alfajiri mikokoteni inapita na magunia.

Jumatano, 5 Juni

Magunia, vumbi. Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 8 Juni

Niliusikia ugonjwa wa injini kabla sijaambiwa. Kutoka hapa kitandani injini ya kinu husikika kama mtu anayetwanga taratibu mtaa wa pili. Leo katika kila mzunguko kulikuwa na pigo moja la ziada, zito, kavu. Saa tisa ikanyamaza. Jioni mpwa wangu akaingia, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, Mjomba. Umesikia?"

"Marahaba. Silinda ya pili. Beringi ya konrodi."

"Nimeshaizima. Mwenyekiti kanifokea kama vile mimi ndiye niliyekuwa ndani nagonga."

Mwenyekiti ni wa ushirika wenye kinu. Ni mtu ambaye tumbo lake hufika mkutanini kabla yake. Wanachama mia mbili wameshaanza kurundika nafaka uwanjani, nayo haina paa ila maturubai.

Alipokuwa akitoka kunawa, dada alimpigia kelele kutoka jikoni: "Oili umeangalia lakini?" Wakacheka wote wawili. Ni mzaha wa nyumba hii. Marehemu mume wa dada alikuwa akiulizwa hivyo kila alipovuka mlango, hata akienda msalani.

Mimi pia nilicheka. Nimecheka mzaha huo kwa miaka mingi.

Jumapili, 9 Juni

Wamekwenda kusali. Nyumba iko kimya. Mpwa wangu alitaka niandike ninayoyajua, basi nianze na ninalolijua mimi peke yangu.

Kinuni kuna injini mbili za dizeli zinazofanana, kila moja na silinda mbili. Tuliziita pacha wa kushoto na pacha wa kulia. Wa kulia ndiye aliyeharibika jana. Wa kushoto amekufa miaka ishirini na sita sasa, ana tundu ubavuni lenye ukubwa wa sahani. Mtu aliyekuwa akimwendesha siku ile ni shemeji yangu, mume wa dada. Tulimwita Mapigo, kwa kuwa aliweza kukwambia hali ya injini kwa kuisikiliza tu, akiwa ameipa mgongo.

Konrodi ni mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka. Bolti mbili ndizo zinazoushika mkono huo usiachie. Bolti ikifanya kazi kupita kiasi huvutika, na iliyovutika hairudi. Hubaki ndefu kidogo mpaka siku itakapokatika. Ndiyo maana tunaipima. Mwaka ule nilizipima bolti nne za pacha wa kushoto. Mpya huwa na milimita 112 kamili. Hizi zilikuwa 112.4. Nusu ya tofauti hiyo ingetosha kuzitupa.

Nilikuwa nimeshaagiza nyingine. Hazikufika. Mavuno yalikuwa uwanjani kama leo, na mimi ndiye niliyekuwa mhandisi pekee mwenye cheti katika wilaya nzima, mtu ambaye watu walinyamaza akianza kusema. Sikutaka kusimama mbele ya wanachama niseme kinu hakitawaka. Nikazisugua bolti zile kwa msasa laini, nikazipaka oili, nikazirudisha. Katika kitabu cha mashine nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Bolti nne mpya zimefungwa. Urefu 112.4.* Namba hiyo niliichagua kwa akili. Yeyote atakayekuja kupima baadaye atakuta kipimo kimelingana na kitabu.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, Mapigo alikuja mlangoni pa ofisi yangu akiwa ameshika kofia.

"Shemeji, mapigo yamebadilika."

"Yamebadilikaje?"

"Sijui nisemeje. Kama mtu anayevuta mguu."

"Rudi kazini. Yamebaki magunia mia tatu."

Akarudi. Kabla ya adhuhuri bolti moja ilikatika, konrodi ikatoka kwa ubavu wa injini na kuuchukua mkono wake wa kulia chini ya kiwiko. Oili yote ikamwagika sakafuni, ikachanganyika na damu yake.

Mimi ndiye niliyeandika ripoti. Niliandika: *Kijiti cha kupimia oili kilikutwa kikavu.* Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Kijiti kilikuwa kikavu kwa sababu injini ilikuwa imepasuka. Lakini kila aliyeisoma alielewa nilichotaka aelewe: mwendeshaji aliisahau oili.

Wamerudi. Nasikia lango.

Jumanne, 11 Juni

Joto. Mpwa wangu amekwenda mjini kutafuta bolti. Za silinda ya pili ya pacha wa kulia zimeharibika nyuzi; anahitaji mbili.

Jumatano, 12 Juni

Amerudi mikono mitupu. Kiwanda kilichotengeneza injini zile kilishafungwa, na wauzaji wanamletea bolti za milangoni. "Mmoja kanionyesha ya kitanda, Mjomba. Nikamwambia sitaki kulala, nataka kusaga."

Leo asubuhi dada alikuwa akifagia chumbani, ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda.

"Kaka, umeficha mawe?"

"Vyuma vya zamani."

"Ungekuwa na mke angeshavitupa." Akaendelea kufagia.

Si vyuma vya zamani. Ni bolti nne, mpya, za kiwanda, ndani ya karatasi yenye grisi. Zilifika wiki tano baada ya ajali. Ningezitoaje hadharani, na kitabu kinasema zilishafungwa? Nilizificha, na kila nilipohama nilihama nazo.

Nimefikiri nimpe na kusema zilikuwa za akiba. Lakini mpwa wangu hafungi kitu bila kukipima. Mimi ndiye niliyemfundisha, tangu akiwa msichana wa shule ya ufundi. Atapata 112 kamili. Ataangalia kitabu, atakuta mpya ni 112.4. Hatahitaji dakika mbili kuelewa. Nikimpa bolti nimempa na mengine yote.

Alikuwa na miaka saba baba yake alipopoteza mkono.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeogopa leo kuliko daktari alivyoweza kuniogopesha.

Aliingia akicheka, kitabu cha mashine kwapani. "Mjomba, tumepona. Bolti zipo, tena mbele ya macho yetu. Pacha wa kushoto!"

Nikauliza anamaanisha nini, ingawa nilishajua.

"Silinda ya kwanza ndiyo iliyopasuka. Ya pili haikuguswa. Bolti zake mbili zimo ndani, na kitabu chako kinasema zilifungwa mpya, zikafanya kazi siku kumi na moja tu. Nimezitoa leo. Nimezipima. 112.4! Hazijavutika hata unywele."

"Chuma kikikaa miaka hiyo yote huchoka," nilisema.

"Ah, Mjomba. Nani aliyetufundisha kwamba chuma kisichofanya kazi hakichoki? Unataka nikuletee daftari langu la darasani?"

"Mwambie Mwenyekiti akodi injini nyingine."

"Mwenyekiti? Anasema niwashe hata kwa kamba." Kisha akanitazama vizuri. "Hujisikii vizuri. Mama! Njoo umwangalie kaka yako, anaanza kuogopa injini."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Dada akaingia na kikombe cha dawa, nikayameza pamoja na dawa.

Jumamosi, 15 Juni

Mawingu, jambo lisilo la kawaida mwezi huu. Watu wanakimbizana na maturubai. Nilimwita mpwa wangu; ameshatoka.

Jumapili, 16 Juni

Hakwenda kusali. Yuko kinuni, anakwangua beringi mpya zikae sawa kwenye krenki. Kazi ya siku mbili. Nimejiambia: kesho.

Alhamisi, 20 Juni

Jumatatu na Jumanne sikuwapo. Homa. Nakumbuka dari, na mvua juu ya bati, na Mapigo ameketi ukingoni mwa kitanda hiki kama alivyoketi wiki yake ya mwisho, miaka minne iliyopita. Nilikuja kumwona. Alikuwa amekonda, akanishika mkono kwa huo mmoja aliokuwa nao. Akasema, "Shemeji, nimefikiri sana. Labda kweli niliisahau ile oili." Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameambiwa, mpaka akasadiki. Neno langu moja lingemtua mzigo ule. Nikamwambia, "Yameshapita, shemeji." Akafa siku ya tatu.

Jana asubuhi niliamka kichwa kikiwa chepesi. Dada alikuwa akikunja nguo dirishani.

"Nafaka ya uwanjani imelowa ya chini," alisema. "Lakini mwanao kamaliza kufunga. Anawasha saa sita."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tano imepita. Kunywa chai."

"Mpigie simu. Mwambie asiwashe."

"Kuta zile simu haishiki, unajua. Una nini?"

"Nenda wewe. Mwambie asiwashe."

"Kaka, nitoke jua hili niende kumwambia fundi asiwashe injini yake kwa sababu mjomba wake kaweweseka kwa homa?"

Hapo ndipo nilipoona hakuna njia ya pembeni. Hangekwenda bila kuambiwa, na nisingeweza kumwambia nusu.

"Bolti alizofunga ni za zamani," nilisema. "Zimevutika. Zitakatika. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni mpya. Niliandika uongo. Moja ya hizo nne ndiyo iliyomkata mkono mumeo. Oili ilikuwemo. Alikuja kuniambia injini inaumwa, nikamrudisha."

Shati nililokuwa nikivaa zamani lilikuwa mikononi mwake. Aliendelea kulikunja, mkono mmoja, mkono wa pili, akaliweka juu ya mengine. Kisha uso wake ukabadilika, nami nikajua kwamba yaliyompata mumewe yatangoja, kwanza amemfikiria mwanawe.

Akatoka mbio. Dada yangu ana miaka sabini na mbili na magoti mabovu. Niliona kupitia dirisha amekwenda bila viatu, akishika ukuta, kisha akiachia ukuta.

Mimi nililala nikisikiliza. Sijui kama nimewahi kusikiliza hivyo katika maisha yangu ya ufundi. Nilimsikia muuza mkaa, nikasikia mlango wa jirani. Kila mkokoteni ulipopita nilidhani ni injini. Saa sita ikafika. Ikapita. Kimya.

Saa saba mpwa wangu akaingia. Hakunisalimu. Aliketi, akaweka kipimio mezani na bolti mbili zinazong'aa.

"Mama amesema maneno mengi, anatweta, sikuyaelewa yote. Nimeelewa 'usiwashe'. Nilikuwa nimeshashika mpini wa kuwashia. Mpya ina urefu gani?"

"Mia moja na kumi na mbili kamili."

"Nitajuaje kwamba safari hii unasema kweli?"

Nikamwonyesha chini ya kitanda. Alipiga magoti akalivuta sanduku. Akafungua karatasi, akafuta grisi kwa pindo la ovaroli yake, akapima ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ndani ya sanduku kulikuwa na hati ya kiwanda yenye tarehe. Aliisoma mara mbili, na midomo yake ilikuwa ikihesabu wiki.

"Nimezitafuta siku mbili mjini," alisema hatimaye. "Nimeingia kila duka. Nikarudi hapa nikakuchekesha na habari za bolti za kitanda. Na wewe ulikuwa umezilalia."

"Ndiyo."

"Baba alijua?"

"Hapana. Alifikiri labda ni yeye."

Alichukua bolti zote nne mpya. Zile mbili ndefu aliziacha mezani kwangu. Mlangoni akageuka, nikadhani atanitukana, na ningeshukuru. Akasema tu, "Ulinifundisha kupima kila kitu. Sikuwahi kufikiri nikupime wewe."

Ijumaa, 21 Juni

Saa nne asubuhi injini imewaka. Nimehesabu mapigo mpaka mia tano. Yamelingana yote.

Jumapili, 23 Juni

Chai huwekwa juu ya kigoda, mlango hufungwa. Dada hajasema neno nami tangu Jumatano.

Jumanne, 25 Juni

Vilevile.

Alhamisi, 27 Juni

Mpwa wangu kaja na kitabu cha mashine na kalamu. "Andika," alisema. "Chini ya pale ulipoandika siku ile. Mwandiko wako, tarehe ya leo." Nilimwambia mkono unatetemeka. "Utatetemeka humo humo," akajibu.

Ilinichukua saa nzima kuandika mistari sita.

Mwenyekiti alikuja nyuma yake, amesikia habari, akasimama akijifuta jasho. "Mzee wangu, haya ya nini sasa? Marehemu ameshakwenda zake, na wewe mwenyewe, Mungu anisamehe, uko njiani."

"Ndiyo maana tunawahi," mpwa wangu akasema. "Nataka asomewe kila mwanachama. Ripoti ya kwanza ilisomwa mbele ya wote. Nilikuwepo, nimekaa mapajani kwa mama."

Jumatatu, 1 Julai

Leo dada hakufunga mlango. Alileta chai, akaketi pale ambapo mke huketi kumwangalia mume mgonjwa, na hakunitazama.

"Asubuhi ile alikuja kukwambia?"

"Alikuja."

"Alisemaje? Nataka alivyosema yeye."

"Alisema, 'Mapigo yamebadilika. Kama mtu anayevuta mguu.'"

Akaitikia kwa kichwa. "Ndivyo alivyokuwa akisema. Hayo ni maneno yake kabisa." Akakisogeza kando kikombe changu. "Mara ya kwanza nilimuuliza kwa hasira. Alikuwa ametoka hospitali, anajaribu kuwasha jiko kwa mkono mmoja. Nikamwambia, oili umeangalia? Baadaye ikawa mzaha. Alikuwa anacheka, kaka. Anajibu, 'Leo nimeangalia, bibie.' Miaka yote ile. Na wewe unakuja Jumapili, unakaa pale, unacheka nasi."

"Nilicheka."

"Wewe utakufa na lako. Hili langu nitampelekea nani?"

Nilitaka kumwambia hilo nalo ni langu, si lake, lakini aliinua mkono.

"Chakula nitakupa. Nitakuogesha, nitakuzika. Usiniombe kingine."

Sijamwomba.

Jumatano, 3 Julai

Miguu imevimba mpaka magotini. Sasa ninamwona dada yangu kama ambavyo sikuwahi kumwona: zamani nilidhani ni mwanamke mwepesi wa kucheka.

Jumapili, 7 Julai

Naandika kidogo kidogo, tangu asubuhi, kwa sababu jana nataka ibaki.

Walinilaza juu ya mkokoteni wa magunia, godoro chini yangu, wakanivuta mpaka kinuni. Wanachama walijaa chumba cha mashine, wengine madirishani. Pacha wa kulia alikuwa amezimwa, bado ana joto. Pacha wa kushoto yuko palepale na tundu lake. Kigoda cha Mapigo kiko ukutani. Dada akakikalia bila kuuliza mtu. Hakuwa ameingia chumba kile kwa miaka ishirini na sita.

Mpwa wangu alinishikia kitabu, nikasoma. *Maandishi ya juu ni ya uongo. Bolti hizi hazikuwa mpya. Nilizipima, nikajua zimevutika, nikazifunga. Mwendeshaji alikuja kuniambia injini inaumwa nami nikamrudisha kazini. Oili ilikuwemo. Yeye hakukosa kitu. Aliyekosa ni mimi, na nimelificha hili miaka ishirini na sita.*

"Imetosha, mzee wetu," Mwenyekiti akasema taratibu.

"Asome tena," dada alisema. "Huko madirishani hawakusikia."

Nikasoma tena. Pumzi ilikatika katikati nikaanza upya. Mzee mmoja aliyewahi kukataa kumsalimia Mapigo alivua kofia, akawa hajui mikono yake aiweke wapi. Hakuna aliyenifokea. Walinitazama kama watu wanaotazama daraja walilolipita kila siku na leo wameona limeliwa chini.

Watu walipoanza kutoka, mpwa wangu alikwenda kuwasha. Kabla hajashika mpini, dada alisimama.

"Oili umeangalia?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Mpwa wangu alivuta kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakivuta tena. Hakukitazama. Alikwenda nacho mpaka mlangoni penye mwanga, akampa mama yake.

Dada yangu alikishika kwa vidole viwili. Oili ilikuwa imefika alama ya juu, nyeusi, ikimshukia taratibu mpaka kwenye kiganja. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, na hakuwa akisema nasi:

"Ipo, mume wangu. Ilikuwepo."